Kiti cha Farhana

Wauza mivumba, yaani nguo za mitumba, wa soko la Owino hapa Kampala wanamjua Kaltumi kwa wembe wake. Sare kuukuu ikifika mezani kwake, sweta la kijani lililotoka shule fulani ya huko Mukono au gauni la bluu lililofifia mabegani, jambo la kwanza analofanya ni kufumua nembo ya kifuani, uzi kwa uzi, bila kutoboa hata tundu moja. Kisha anakushonea nembo ya shule yako, anapiga pasi, na Jumatatu mtoto wako anaingia darasani bila mtu kujua kwamba sweta lile lilishasoma mahali pengine. Kazi hiyo ameifanya miaka ishirini na sita. Mikono yake imezoea kuvipa vitu majina mapya, na Mungu anisamehe nikisema kwamba balaa lilianzia hapo.

Kaltumi ni Mnubi wa Bombo kwa baba na wa Kibuli kwa mama. Ni mwanamke wa miaka sitini hivi, mfupi, mwepesi wa ulimi, na sokoni wanamwita Hajati ingawa Makka ameiona kwenye kalenda tu. Anakaa vyumba viwili huko chini ya Nsambya, karibu na nyumba za reli. Mtoto wake ni mmoja, Abdul-Latif, dereva wa lori la mizigo kati ya Kampala na Juba. Abdul-Latif naye alijaliwa binti mmoja, Farhana. Ndoa ilipovunjika, mama wa mtoto akaolewa kwingine, na Farhana akalelewa na bibi yake, ambaye alimwita haboba, kama Wanubi wanavyowaita bibi zao.

Miaka minne iliyopita, katika mvua za Aprili, homa ilimpanda Farhana Jumatano jioni. Alhamisi alfajiri alikata roho mgongoni mwa Kaltumi, wakiwa njiani kwenda hospitali. Alikuwa na miaka saba. Lori la baba yake lilikuwa limezama matopeni ng'ambo ya mpaka, na simu yake haipatikani. Wangefanya nini? Maiti ya Kiislamu haikai ikisubiri lori. Baada ya sala ya adhuhuri wakamzika. Abdul-Latif alifika siku ya tano, akaonyeshwa tuta la udongo ambalo mvua ilishaanza kulilaza, akasimama hapo mpaka watu waliomsindikiza wakachoka. Uso wa mwanawe hakuuona. Arobaini ilipopita akapanda lori lake, akaoa tena huko Juba, na tangu hapo akawa mtu wa kuja Idi, tena si kila Idi.

Hakuna aliyekwenda ofisini kuandikisha kifo. Nani huenda? Imamu alijua, majirani walijua, na Mungu alijua. Cheti cha kuzaliwa cha Farhana Kaltumi alikitia kwenye kopo la biskuti chini ya kitanda, pamoja na nakala ya kitambulisho cha Abdul-Latif na utepe wa nywele wa mtoto. Kwa serikali, basi, Farhana alikuwa hai, anaongeza mwaka kila mwaka, na anangojewa shuleni kama watoto wenzake.

Mwaka mmoja baadaye akaja Nabintu. Mama yake alikuwa Mkongo wa Bukavu aliyetembeza vitenge kichwani kutwa nzima, na asubuhi alimwacha binti yake chini ya meza ya Kaltumi, akamchukua jioni. Siku moja mama huyo alisema anarudi Kongo kumchukua mwanawe mdogo aliyebaki kwa dada yake. Wiki mbili tu, Hajati, nitakuwa nimerudi. Wiki mbili zikawa mwezi, mwezi ukawa miezi, simu ikazimika. Kaltumi hakuuliza mtu ushauri. Alimchukua mtoto nyumbani, akamwogesha, akamlaza kwenye godoro lililokuwa limekaa mwaka mzima bila mtu.

Nabintu alikuwa na miaka minane, hajaingia darasani hata siku moja, na alikuwa amejifundisha kusoma kwa zile nembo alizofumua Kaltumi. Aliziokota chini ya meza, akazipanga kwenye kifuniko cha sanduku, akawa anauliza: hii ni herufi gani, haboba? Na hii? Wateja walicheka, lakini Kaltumi hakucheka. Alimtazama mtoto yule aliyezungukwa na sare za watoto wote wa Kampala, mwenyewe hana ya kuvaa, akaona uchungu wa kweli.

Haya, shule. Walikwenda tatu. Ya kwanza ilitaka cheti cha kuzaliwa na namba ya kitambulisho cha mzazi, kwa sababu siku hizi kila mtoto lazima aingizwe kwenye mashine. Ya pili ikasema, mlete mama. Kaltumi akaenda ofisi ya wakimbizi, akapanga foleni tangu saa kumi na mbili asubuhi, akaambiwa kadi ya mtoto hufuata kadi ya mama, kwa hiyo mama aje. Ebo! Mama mwenyewe ndiye hayupo. Angekuwepo, nani angepanga foleni? Ya tatu ilikuwa ile ya serikali isiyo mbali na reli, na mwalimu mkuu wake, Madam Joska, mwanamke mrefu mwenye sauti ya upole, akasema kwa huzuni kabisa kwamba nafasi ipo na kiti kipo, ila hawezi kuandika mtoto asiye na karatasi.

Kiti kipo. Kaltumi alirudi na neno hilo nyumbani, likamzunguka kichwani Jumamosi na Jumapili. Jumatatu akalivuta lile kopo la biskuti chini ya kitanda. Akamrudia Madam Joska na cheti mkononi na nakala ya kitambulisho cha mwanawe, akasema kwamba ile siku ya kwanza alichanganyikiwa, karatasi zilikuwa kwa baba wa mtoto.

"Jina lake?" akauliza Madam Joska, kalamu juu ya daftari.

Nabintu alifungua kinywa. Kaltumi akamtangulia. "Farhana Abdul-Latif," akasema, na ulimi haukuteleza hata kidogo.

Walipokuwa wakirudi, alimvuta mtoto kando ya njia akachuchumaa mbele yake. Akamwambia: nyumbani wewe ni Nabintu, shuleni wewe ni Farhana. Baba yako ni Abdul-Latif, dereva wa lori. Mtu yeyote mkubwa akikuuliza, jibu hivyo hivyo, usibabaike, kwa maana siku utakayobabaika ndiyo siku ya mwisho ya shule. Umeelewa? Mtoto akaitikia kwa kichwa. Alikuwa ameelewa sana, kupita alivyotaka Kaltumi mwenyewe.

Basi mtoto akasoma. Nikisema akasoma, nisadiki. Darasa la kwanza hakukaa hata muhula, akarushwa la pili. Aliandika kwenye vumbi la sakafu, aliandika kwa mkaa kwenye ukuta wa choo mpaka mwenye nyumba akaja kugomba. Kaltumi alifurahi, jamani, alifurahi mpaka akawa anamwonyesha kila mteja daftari za hesabu. Lakini furaha yake ilikuwa na kitu kibaya ndani yake, na yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kukiona. Daftari zote ziliandikwa Farhana. Asubuhi watoto wa jirani walisimama mlangoni wakaita, "Farhana! Farhana, tunachelewa!" na kila mara Kaltumi alishtuka, akageuka kutazama mlangoni. Miaka ilivyokwenda, mtoto naye akabadilika. Ukimwita Nabintu alikawia kugeuka. Siku moja ya Ijumaa Kaltumi alikuwa anamsuka, akaja kugundua kwamba amemsuka mtindo wa Farhana, mistari mitano ya kurudi nyuma, na mkononi ameshika ule utepe kutoka kwenye kopo. Hakukumbuka kuuchukua. Akazifumua nywele zote na kuanza upya, mtoto akilia kwamba anaumia.

Sharifah, anayeuza viatu meza ya pili na ambaye ndiye peke yake aliyejua siri hiyo, hakuacha kumwonya. "Dada Kaltumi, nenda kwa yule Madam umwambie. Ana moyo, atatafuta njia."

"Atamfukuza."

"Na ukikaa kimya? Mficha maradhi kifo humuumbua."

"Sharifah, uza viatu vyako," akasema Kaltumi. Huo ndio ulimi wake, na siku ile ulimponza.

Mwaka huu Nabintu yuko darasa la nne, ana miaka kumi na mmoja. Shule nayo ikaanza mambo ya kisasa: matokeo ya mtoto yanatumwa kwenye simu ya mzazi. Simu gani? Ile iliyoandikishwa pamoja na kitambulisho cha baba. Kaltumi hakujua. Alipewa karatasi ya kuelezea jambo hilo, akaitumia kufungia vifungo.

Ijumaa moja mchana, soko limejaa, simu yake ikalia. Ilikuwa namba ya Abdul-Latif, naye huwa hapigi mchana.

"Mama," akasema. Nyuma yake injini ilikuwa inanguruma. "Mama, Farhana amekuwa wa pili."

Kaltumi akakaa chini, juu ya marundo ya sweta.

"Nimepata ujumbe wa shule. Mzazi mpendwa, Farhana Abdul-Latif amekuwa wa pili katika majaribio ya nusu muhula, darasa la nne. Wameandika darasa la nne, mama. Nimehesabu. Angekuwa la nne kweli."

Hapa ndipo angesema. Maneno yalikuwa machache: mwanangu, nilimpa mtoto aliyeachwa karatasi za mwanao, nisamehe. Angeyasema, pengine ningekuwa nawasimulia kitu kingine leo. Lakini miaka mitatu ya kusema uongo haiachi kinywa kama kilivyokuwa. "Ni makosa ya mashine," akasema. "Hizo mashine zao, unazijua."

"Mashine inajua tarehe aliyozaliwa?"

"Abdul-Latif..."

"Mimi sikuona uso wake, mama. Nilifika nikaonyeshwa udongo." Sauti yake haikuwa ya hasira, na ndiyo iliyomtisha zaidi. "Mlimzika nani?"

"Muogope Mungu, mwanangu! Niliyemzika ni mjukuu wangu, nilimwosha kwa mikono hii!"

"Basi nani anasoma?" akauliza, na simu ikakatika.

Alimpigia Ijumaa yote, Jumamosi, Jumapili. Haipatikani. Sharifah alimwambia tena aende shuleni, na safari hii Kaltumi hakumjibu vibaya, ila hakwenda. Alijiambia kwamba lori liko Juba, na kutoka Juba ni mbali. Jumapili jioni akamwambia Nabintu akae nyumbani wiki hiyo, na mtoto akamtazama kama aliyeambiwa asile.

"Haboba, wiki hii ni mtihani! Kesho Kiingereza, keshokutwa Sayansi, Alhamisi Hesabu. Anayekosa anarudia darasa."

"Utarudia."

"Mimi nilikuwa wa pili," akasema Nabintu, machozi yakimlenga. "Alinizidi Ojara alama tatu tu. Hesabu nitampita."

Na Kaltumi, ambaye kwa ajili ya mtoto huyu kukaa darasani aliamsha jina la marehemu, hakuweza. Alitaka naye kumwona akimpita huyo Ojara. Jumatatu akamruhusu, na Jumatatu ikaisha salama. Jumanne akamruhusu tena.

Jumanne saa tano alikuwa anamshonea mama mmoja nembo ya shule ya Wandegeya lilipomrudia lile swali la mwanawe: basi nani anasoma? Aliacha sindano ikining'inia kwenye kitambaa, akamwambia Sharifah amtazamie meza, akakodi boda. Alifika getini jasho linamtiririka. Watoto waliomaliza mtihani walikuwa wanacheza uwanjani. Alimtafuta kwa macho yule wake, hakumwona, akaenda moja kwa moja ofisini.

Madam Joska aliinuka akitabasamu. "Hajati! Leo umetufurahisha. Baba Farhana amekuja."

Kaltumi akashika ukingo wa mlango.

"Alikuja mapumziko ya saa nne. Nikamwita mtoto. Masikini, walikuwa hawajaonana muda mrefu, sivyo? Alimtazama sana yule baba, akapiga magoti hapo hapo kwenye saruji. Mtoto aliogopa kidogo. Nikamwuliza, huyu ni nani, Farhana? Akasema, ni baba yangu Abdul-Latif, dereva wa lori. Akasema vizuri, bila kubabaika."

"Wako wapi?"

"Wameondoka. Amesema anampeleka Juba kwa mkewe, wiki chache, atamletea uhamisho. Nilimwambia kuna mtihani, lakini mzazi ni mzazi. Alikuwa na kitambulisho, kila namba inalingana. Nikampa na cheti cha mtoto kwa ajili ya mpakani." Tabasamu likaanza kumtoka usoni. "Hajati, kuna nini?"

Kaltumi akakaa kwenye kiti cha wageni, akasema yote. Alisema Farhana yuko kaburini mwaka wa nne. Alisema mtoto huyu ni nani, na mama yake ni nani, na kopo la biskuti, na ile Jumatatu. Madam Joska hakumkatiza. Alipomaliza, mwalimu akafungua daftari kubwa, akaliwekea kidole jina la Farhana, akakaa akiliangalia.

"Ungeniambia mwaka ule kwamba mama yake ametoweka," akasema mwishowe. "Kabla jina hili halijaingia kwenye mashine, ningemtia kwa barua ya mwenyekiti wa mtaa. Wako niliowatia hivyo. Sasa hili jina siwezi kulifuta bila cheti cha kifo, na nikilifuta, huyu mtoto hana rekodi hata moja duniani. Miaka mitatu yote imepotea. Na mimi nitaulizwa nilimwandikisha nani." Akafunga daftari. "Nenda polisi, Hajati. Nenda sasa hivi. Mimi sitakuzuia kusema ukweli."

Huko polisi alipokewa na Afande Odyek wa dawati la watoto, mtu wa Lira, mpole, Kiswahili chake cha kambini. Alimsikiliza akiandika, halafu akaacha kuandika.

"Mama, ngoja. Nani amechukua mtoto?"

"Mwanangu. Abdul-Latif."

"Mtoto alichukua ni nani?"

"Kwa shule ni Farhana."

"Farhana baba yake ni nani?"

"Abdul-Latif."

Odyek akaweka kalamu chini taratibu. "Sasa mimi naandika nini hapa? Baba alichukua mtoto yake shuleni, na cheti iko, na mwalimu alimpa. Kosa iko wapi?"

"Si mwanawe! Farhana alikufa!"

"Cheti ya kifo iko?"

Kaltumi akatikisa kichwa.

"Hiyo Nabintu, karatasi yake iko? Hata moja? Kadi ya kliniki? Picha?"

Hakuna. Picha zote alizompiga zilikuwa za shule, na chini yake zimeandikwa jina lile lile.

"Mimi nakuamini, mama," akasema Odyek, na alisema kweli, ilionekana machoni. "Lakini nikipiga simu mpakani, natafuta nani? Nikisema Farhana, Farhana iko na baba yake. Nikisema Nabintu, watauliza, Nabintu ni nani? Leta imamu aliyezika, leta mashahidi, na mimi nitaanza kuandika." Kaltumi akaenda kumtafuta imamu. Alikuwa amesafiri kwenda Bombo mazishini, atarudi kesho mchana.

Usiku ule sitausimulia. Sharifah alilala kwake, na hiyo inatosha.

Jumatano saa mbili asubuhi simu ikalia. Abdul-Latif. Nyuma yake honi za malori, watu wanapiga kelele, na mtu anatangaza kitu kwenye kipaza sauti. Walikuwa Elegu, mpakani.

"Mama, usilie," akasema kabla hajasikia neno. "Amekula, amelala vizuri kwenye kitanda cha lori. Hana shida."

"Mwanangu, mrudishe. Wewe unajua si yeye. Unajua."

Hakubisha, na Kaltumi akajua kwamba anajua. Kwamba alijua tangu pale kwenye saruji ya shule.

"Najua na sijui," akasema Abdul-Latif. "Macho si yake. Lakini mwalimu anasema ni yeye, cheti kinasema ni yeye, mtoto mwenyewe amesema ni mwanangu. Serikali inasema Farhana yu hai, mama. Mimi ni nani nikatae? Wewe ulimtaka, ukamrudisha. Na mimi namtaka." Akavuta pumzi. "Juba shule iko. Nitamsomesha kuliko mnavyomsomesha huko. Haya, ongea naye, mimi nakwenda dirishani na karatasi za mzigo."

Simu ikapita mkono mwingine.

"Haboba?"

"Nabintu! Mwanangu, uko salama? Amekufanya nini?"

"Hajanifanya kitu. Analia tu. Ameninunulia viatu lakini vidogo, vya mtoto wa miaka saba, anasema nivae, haviingii." Sauti ya mtoto ikashuka. "Haboba, hapa kuna askari mwanamke. Anauliza kila mtoto jina lake mwenyewe, mkubwa haruhusiwi kumjibia. Foleni imebaki watu watatu. Niseme mimi ni nani?"

Kaltumi alisimama katikati ya chumba, simu imebanwa sikioni kwa mikono miwili. Sharifah alikuwa mlangoni, anamtazama.

Akisema Farhana, watapita. Mwanawe atakuwa na mtoto wa kumpikia na kumpa mkono njiani, na mtoto atakuwa na darasa huko Juba, na cheti, na jina ambalo kila mashine inalikubali. Hakuna atakayefungwa. Ilimjia hivyo, nzima nzima, na kwa kitambo kidogo alitaka kusema ndiyo, nisiwadanganye. Akisema Nabintu, askari watamshika Abdul-Latif kwa kuvusha mtoto wa watu, naye hatamsamehe mama yake hadi kufa. Na Nabintu atarudi Kampala mtoto asiye na karatasi, kwenye foleni ile ile ya ofisi ile ile, na miaka mitatu ya kuwa wa kwanza na wa pili imefutwa kwenye daftari la Madam Joska.

Lakini mtoto akivuka mpaka kwa jina la marehemu, hakuna mtu atakayemtafuta tena. Nani humtafuta marehemu? Mama yake akitokea kesho kwenye meza ya Owino, na vitenge kichwani, ataambiwa nini? Na baba aliyekwisha kumtazama machoni akaona si yeye, atamvumilia kwa muda gani, kabla hajaanza kumdai awe yule mwingine?

"Haboba, wamebaki wawili."

"Sema Nabintu," akasema Kaltumi. "Mwambie yule mama askari: naitwa Nabintu, huyu si baba yangu, nataka kurudi kwa haboba yangu Kampala. Sema kwa nguvu."

Mtoto akauliza kwa woga: "Nikisema hivyo, kesho nitafanya mtihani wa Hesabu?"

Sharifah pale mlangoni alifunika uso kwa mtandio.

"Hutafanya, mwanangu," akasema Kaltumi. "Kile kiti si chako tena. Mimi ndiye niliyekosa, si wewe. Sema Nabintu."

Simu haikukatwa. Kaltumi akasikia hatua zikiburuzwa, foleni inasogea, sauti ya mwanamke inauliza kitu kwa upole. Akasikia mtoto akijibu kwa ile sauti aliyokuwa akiitumia darasani, wazi, neno kwa neno, na jina lake mwenyewe likiwa la kwanza. Kisha zikaja kelele, viti vikasukumwa, mtu akaamrisha mtu akae chini. Na juu ya kelele zote akamsikia mwanawe akiita, "Farhana! Farhana!" akiita bila kukoma, kama ambavyo hakupata nafasi ya kuita siku ya maziko.